Mazishi ya Ornans hayaenei kwenye projekta

Chukua projekta ya kawaida, ukuta mweupe, na mwanga unaotoka na upana wa mita 2. Onyesha kwanza picha ya Jan van Eyck ya mwaka 1434, ile ya Arnolfini na mwanamke wake wamesimama chumbani, mkono ndani ya mkono. Kisha onyesha Mazishi ya Ornans ya Gustave Courbet, aliyoichora 1849 na 1850. Ukutani zote mbili zinakaa vizuri tu, kila moja imejaza nafasi yake, na aliyekaa mstari wa nyuma hana sababu ya kujua kwamba moja unaweza kuibeba kwapani na nyingine haipiti mlangoni.

Ya van Eyck ina sentimita 82 kwa 60. Ya Courbet ina mita 3.15 kwenda juu na karibu mita 6.6 kwenda upande. Projekta imeikuza ya kwanza na kuisinyaza ya pili. Wale wanakijiji wa Ornans, waliochorwa kwa kimo cha mtu mzima, sasa wana nusu mita, urefu wa mtoto aliyezaliwa leo asubuhi. Na kelele zote zilizopigwa Paris juu ya picha ile zilihusu kimo hicho. Ndiyo maana mhadhara wa wazi kuhusu uhalisia katika uchoraji wa Magharibi huanza kuharibika slaidi zikiwashwa, hata kabla mhadhiri hajakosea neno.

Dawa yake ni kamba na karatasi. Karatasi ya A1, ile kubwa inayotundikwa kwenye semina, ina sentimita 59.4 kwa 84.1. Hiyo ndiyo Arnolfini, imezidi kwa sentimita 2 tu. Kama huna A1, gundisha A4 nane. Kwa Courbet utahitaji A4 kama 330, theluthi mbili za rimu, na hakuna mwenye muda huo. Kwa hiyo kata kamba ya mita 6.6, funga fundo kila ncha, waite wasikilizaji wawili waivute ukutani. Kamba ya pili, ya mita 3.15, ipande kutoka sakafuni. Kwenye vyumba vingi dari litaizuia, mabaki yake yalale chini, na ni vizuri watu waone hivyo. Tumia kamba ya mkonge. Ya nailoni inavutika, na wale wawili lazima watashindana kuvuta. Kingine: kamba itangulie slaidi. Ukishawaonyesha Mazishi kwa nusu mita, jicho limeshaamua, na kamba inageuka kichekesho.

Halafu kuna tatizo la maneno, ambalo mhadhiri wa Kifaransa hana. Sisi tunasema picha kwa iliyopigwa kwa simu, iliyochorwa kwa penseli na iliyopakwa rangi ya mafuta, zote. Bora kuitaja kwa tendo lake kila mara: picha ya kuchora, picha ya kupiga. Neno uhalisia nalo lina wenyewe. Waliosoma fasihi shuleni wanalijua kutoka kwenye riwaya na tamthilia, wanajua linahusu kuonyesha maisha ya watu yalivyo. Lakini hao hao wakiuona mkate wa Vermeer, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, ukimeremeta mezani watasema "huo uhalisia!" wakimaanisha kitu kingine kabisa: imefanana, kama ya kupiga.

Mambo haya mawili yatenganishwe dakika ya tano, si ya arobaini. Kufanana ni kazi ya jicho na ufundi: nafasi, mwanga, ngozi, kitambaa. Uhalisia, tapo la Wafaransa lililoshika kasi baada ya 1848, ni swali la nani anastahili kuchorwa, na kwa ukubwa gani. Courbet hakuwashinda waliomtangulia kwa kufanana. Ingres, mchoraji Mfaransa aliyekuwa hai bado, alichora hariri mpaka unatamani kuishika. Courbet alipakaza rangi kwa kisu, nene, mahali pengine kama lipu. Mhadhiri anayepanga slaidi zake kana kwamba uchoraji ulipanda ngazi moja, kila karne ikifanana zaidi na kitu chenyewe, akifika kwa Courbet atakwama, maana hapo ngazi inashuka.

Kwa hesabu yangu mihadhara mitatu ya dakika 50 inatosha, slaidi zisizozidi 20 kila mmoja. Slaidi 60 kwa saa moja ni sinema.

Mhadhara wa kwanza ni wa nafasi, na hapa usiongee sana, fanya jaribio. Mwanzoni mwa karne ya 15 msanifu majengo Filippo Brunelleschi alisimama ndani kidogo ya mlango wa kanisa kuu la Florence, Italia, akachora jengo la ubatizo lililo mbele yake kwenye ubao mdogo wa karibu sentimita 29 kila upande. Antonio Manetti, aliyeandika maisha yake, anaeleza kilichofuata. Ubao ulitobolewa. Upande wa mchoro tundu lilikuwa dogo kama punje ya dengu, upande wa nyuma likapanuka hadi ukubwa wa sarafu. Mtazamaji aliweka jicho nyuma ya ubao, mkono mwingine ukashika kioo mbele, na ndani ya kioo akaona jengo. Kioo kikiondolewa, jengo lenyewe liko pale pale. Sehemu ya mbingu Brunelleschi hakuipaka rangi. Aliweka fedha iliyosuguliwa ikang'aa, ili mawingu ya kweli yapite ndani ya mchoro yakisukumwa na upepo.

Jaribio hili linafanyika kwenye ukumbi wowote. Tafuta jengo lenye pande zinazoonekana wazi, au korido ndefu. Piga picha kwa simu ukiwa umeisimamisha wima, bila kuiinamisha, na uweke zumu ya 2x. Geuza picha kushoto kwenda kulia kabla ya kuichapa, kwa sababu kioo kitaigeuza tena. Chapa kwa A4, gundisha kwenye kadibodi ngumu, toboa katikati kabisa kwa msumari mwembamba, kisha upande wa nyuma panua tundu kwa ncha ya kisu. Kioo cha nusu ya A4 kinatosha. Kishike sentimita 20 au 22 kutoka kwenye picha, macho yataona jengo likiwa mara mbili ya umbali huo, na hapo mistari inakaa kama ilivyokaa mbele ya kamera.

Yanayoharibu ni yale yale kila mara. Picha haikugeuzwa, na kibao cha jengo kinasomeka kinyumenyume. Tundu ni kubwa, jicho linaona ukingo wa kadibodi kuliko picha. Kubwa zaidi: giza. Uso wa picha unatazama kioo, siyo wewe, kwa hiyo dirisha likiwa mgongoni mwako picha haipati mwanga kabisa. Mtazamaji alitazame dirisha. Na asiyetumia zumu analazimika kusogeza kioo hadi sentimita 11, na hapo mkono wake mwenyewe ndio unaotawala kila kitu.

Baada ya jaribio, slaidi mbili tu. Utatu Mtakatifu wa Masaccio, uliochorwa ukutani katika kanisa la Santa Maria Novella kati ya 1425 na 1428 hivi: mistari yote ya dari lile la kuchora inakutana chini ya msalaba, kwenye usawa wa macho ya aliyesimama kanisani, na mistari aliyoikwaruza kwenye lipu ikiwa mbichi bado inaonekana. Ya pili ni Arnolfini tena. Weka rula kwenye mbao za sakafu, halafu kwenye dari. Hazikutani mahali pamoja. Van Eyck hakuijua kanuni ya Florence, au hakuihitaji, na bado watu wengi wakiulizwa ipi inafanana zaidi na chumba cha kweli wataichagua ya kwake. Waache na swali hilo hadi wiki ijayo.

Jibu ni mafuta, na huo ndio mhadhara wa pili. Kila aliyewahi kununua maandazi yaliyofungwa kwenye gazeti anajua nusu ya somo: pale mafuta yalipogusa, karatasi inapitisha mwanga, unaona vidole vyako upande wa pili. Karatasi kavu ni nyeupe kwa sababu ya hewa iliyo katikati ya nyuzi, mwanga unagonga huku na kule ukirudi. Mafuta yanaijaza nafasi hiyo, na yanapindisha mwanga karibu sawa na nyuzi zenyewe, basi mwanga unapita. Maji nayo yanafanya hivyo kwa muda, lakini yakikauka hewa inarudi.

Ponda chaki ya ubaoni. Weka kijiko kimoja cha chai kwenye kipande cha kioo na maji, kingine kwenye kipande cha pili na mafuta ya kupikia. Acha nusu saa, au harakisha ule wa maji kwa feni. Ule wa maji unarudi mweupe na kuficha kilicho nyuma yake, ule wa mafuta unabaki wa kijivu na unapenya. Sasa weka gazeti chini ya vyote viwili. Huo ndio umbali kati ya rangi ya kiini cha yai, waliyoitumia Waitalia, na mafuta ya Flanders, eneo la Ubelgiji ya leo alikofanyia kazi van Eyck.

Mafuta ya kupikia yanatosha kwa jaribio la mwanga, lakini usimwambie mtu achore nayo. Ya mawese na ya nazi utayasubiri yakauke hadi kiama. Wachoraji walitumia mafuta ya mbegu za kitani, au ya jozi, kwa sababu haya hayakauki kwa kupotea hewani. Yanavuta oksijeni na kugeuka ngozi ngumu. Inachukua siku kadhaa, na ndizo siku ambazo mchoraji analainisha shavu likaingia kwenye kivuli bila mpaka kuonekana. Rangi ya yai inakauka kwa dakika, kwa hiyo vivuli vyake vinajengwa kwa vistari vidogo vidogo, na ukisogea karibu unaviona. Tahadhari kwa anayenunua mafuta ya kitani kwa ajili ya mhadhara: kitambaa kilicholowa mafuta hayo kikikunjwakunjwa na kutupwa pipani hupata joto chenyewe, na kinaweza kuwaka. Kitandaze nje kikauke, au kiloweshe maji.

Ubao wa mwaloni wa van Eyck ulipakwa kwanza chokaa ya chaki na gundi ya wanyama, nyeupe, ikasuguliwa. Juu yake rangi nyembamba, tabaka juu ya tabaka. Mwanga unaingia, unafika kwenye weupe, unarudi ukiwa umepita kwenye rangi mara mbili. Projekta haiwezi kukuonyesha hilo, ila inaweza kukuonyesha udogo: kile kioo kilichobinuka ukutani nyuma ya Arnolfini kimezungukwa na viduara 10, kila kimoja na tukio la mateso ya Kristo, ukubwa wa ukucha. Kata vipande hivyo viwe slaidi peke yake. Projekta nyingi hutoa pikseli 1920 kwa 1080 na hazizidi hapo, kwa hiyo faili kubwa uliyoipakua kwa shida inatupwa kama huikati. Makumbusho ya Rijksmuseum ya Amsterdam na Met ya New York wanaruhusu kupakua bure picha kubwa za kazi zao nyingi.

Utasikia kwamba van Eyck ndiye aliyevumbua rangi ya mafuta. Vasari, Mwitalia aliyeandika maisha ya wasanii, alilieneza hilo mwaka 1550, na si kweli. Mtawa aliyejiita Theophilus aliandika kuhusu rangi za mafuta karne ya 12, na kwenye mapango ya Bamiyan, Afghanistan, yamepatikana mafuta ya namna hiyo kwenye michoro ya karne ya 7 hivi. Alichofanya van Eyck ni kuyafikisha mahali ambapo hakuna aliyeyafikisha.

Caravaggio, mchoraji wa Italia, anapita haraka, lakini rekebisha chumba kwanza. Weusi wa projekta ni ukuta tu usiopigwa mwanga, basi taa moja ikiwaka ukumbini weusi wake wote unakuwa kijivu. Zima taa, ziba dirisha, na usiongeze mng'ao wa projekta. Chagua Kifo cha Bikira, mita 3.69 kwa 2.45, iliyoko makumbusho ya Louvre, Paris, sasa. Mariamu amevimba, miguu mitupu imetokeza kitandani. Watawa Wakarmeli, ambao iliagizwa kwa ajili ya kanisa lao, waliikataa, na mwaka 1607 Mtawala wa Mantua akainunua kwa ushauri wa mchoraji Rubens. Hapa ndipo kufanana na uhalisia vinagusana kwa mara ya kwanza, miaka 240 kabla ya Courbet: lawama haikuwa kwamba hakufanana na maiti.

Kwa Vermeer lazima mtu ataulizia kama alichora akisaidiwa na kamera. Orodha ya mali zilizobaki nyumbani kwake, iliyoandikwa 1676, haina lenzi wala sanduku la kamera. Kilichopo ni tundu la pini, lililoonekana kwenye zaidi ya picha 10 za kwake, pale mistari inapokutania. Fundi ujenzi yeyote ataelewa bila kuelezwa: unafunga uzi kwenye pini, unaupaka chaki, unauvuta hadi ukingoni, unauinua na kuuachia. Alama inabaki. Msichana wa Maziwa ana sentimita 45.5 kwa 41. Uonyeshe kwa karatasi ya A2 iliyopunguzwa.

Sasa mhadhara wa tatu, ambao ndio wenye jina.

Akademia ya uchoraji ya Ufaransa ilikuwa na mihadhara yake, na kwenye utangulizi wa ile ya mwaka 1667 André Félibien aliweka daraja. Chini kabisa matunda na maua, juu yake mandhari, halafu wanyama, halafu watu, na juu ya vyote historia: miungu, wafalme, watakatifu. Daraja hilo lilikuwa pia rula. Turubai ya mita 6 ni ya wafalme na mitume. Wakulima wanachorwa, hakuna aliyekataza, ila wachorwe kwa ukubwa wa kutundikwa juu ya kabati.

Courbet alizaliwa Ornans, mji mdogo karibu na Besançon. Mwaka 1849 alipata nishani ya dhahabu kwenye Salon, maonyesho ya serikali ya Paris, na nishani hiyo ilimruhusu kuingiza kazi bila kupita kwa majaji. Salon iliyofungua mwishoni mwa 1850 akaingiza Mazishi. Kwenye orodha aliiita picha ya watu, ya kihistoria, ya mazishi Ornans. Neno la kihistoria ndilo lililouma. Zaidi ya watu 40, meya, padri, dada zake, mchimba kaburi, wamepangwa mstari mmoja kama watu wanaosubiri gari. Hakuna aliye katikati. Hakuna malaika, hakuna roho inayopaa. Kaburi liko mbele kabisa, limekatwa na ukingo wa chini wa turubai, yaani liko miguuni mwako wewe unayetazama. Mbwa anatazama pembeni.

Onyesha slaidi hii kwa dakika 10 nzima, kamba ikiwa bado ukutani. Waulize jicho lao linatua wapi. Wengi watasema halitui. Kwenye Utatu wa Masaccio kila mstari ulikuwa unakuelekeza. Hapa Courbet amekunyima. Wakosoaji waliita ubaya na ukosefu wa ufundi. Ila kumbuka mwaka: 1848 mapinduzi yalikuwa yamewapa wanaume wote wa Ufaransa kura, wakulima wakiwemo, na miaka miwili baadaye wanasimama mbele ya Paris kwa kimo chao halisi, nguo nyeusi za kanisani, bila kuomba radhi.

Msikilizaji mkali atapinga, na ana haki: Rosa Bonheur alionyesha Soko la Farasi mwaka 1853, mita 2.45 kwa 5.07, akasifiwa. Kwa nini yeye asitukanwe? Kwa sababu farasi hawapigi kura, hilo ni jibu langu. Na Millet je? Waokota masazo wake wa 1857 ni wanawake watatu maskini walioinama shambani, sentimita 83.5 kwa 110 tu, na bado waliwatisha baadhi ya waandishi wa magazeti. Kwa hiyo ukubwa peke yake haukuleta vita, na umaskini peke yake haukuhitaji ukubwa. Usiufiche ugumu huu ili mhadhara upendeze.

Mwaka 1855 majaji wa Maonyesho ya Dunia ya Paris walichukua kazi 11 za Courbet wakakataa Mazishi na Studio, nyingine ya karibu mita 6. Akajenga banda lake karibu na hapo, akatundika kama 40, akaita Uhalisia, kiingilio faranga 1. Kwenye maelezo yake alisema jina la mhalisia amebandikwa, kama watu wa 1830 walivyobandikwa la ulimbwende, yaani romantiki. Biashara haikuwa nzuri, kiingilio kikashuka hadi nusu. Mchoraji Delacroix alikwenda, akakaa karibu saa nzima peke yake ndani, akaandika kwenye shajara kwamba wamekataa kazi ya ajabu.

Slaidi ya mwisho iwe Wavunja Mawe, ya 1849: mzee na kijana wakiponda kokoto za barabara, nyuso zao hazionekani. Iliteketea mwaka 1945 karibu na Dresden. Unachoonyesha ni picha ya kupiga ya picha ya kuchora isiyokuwepo tena, na rangi za nakala mbili za mtandaoni hazilingani hata kidogo. Sema hivyo wazi, chagua moja, usimsifu mchoraji kwa rangi ambayo huenda ni ya mchapaji. Vipimo vyake vimebaki, karibu mita 1.6 kwa 2.6. Kamba ya kupima hiyo unayo.